MAONI: Watengenezaji wa vivinjari wasikilize pia wanaohesabu mega kule Luena

Luena ni mji wa makaa ya mawe mkoani Haut-Lomami, kwenye reli inayotoka Kamina kuelekea Lubumbashi. Huko, kama ilivyo katika miji mingi midogo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, intaneti haiingii nyumbani kwa waya. Huingia kwa simu, na hununuliwa kwa vipimo vidogo ambavyo watu huviita mega. Mwenye pesa kidogo hununua mega za siku moja. Zikimalizika kabla ya jua kuzama, hana budi kusubiri kesho.

Chukua mfano wa mzazi anayetafuta habari za matokeo ya mtihani wa taifa, Exetat, ambao mwanawe ameufanya. Ananunua mega, anaandika anwani ya tovuti na kusubiri. Alama ya mtandao juu ya kioo cha simu inashuka kutoka 3G hadi E. Ukurasa unaanza kufunguka: kwanza tangazo, halafu picha, halafu kidirisha kinachoomba ruhusa ya jambo asilolielewa. Kiduara kinazunguka. Kabla maandishi hayajatokea, ujumbe wa kampuni ya simu unaingia: mega zimekwisha.

Mzazi huyo hatakosa wa kumlaumu. Atasema "rezo haiko", yaani mtandao hakuna. Atailaumu kampuni ya simu kwa kumla pesa zake. Pengine atailaumu simu yake kuukuu, au atajilaumu mwenyewe kwamba hajui kuitumia. Kuna mmoja ambaye hatamfikiria kabisa: kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za intaneti, iwe Chrome, Firefox, Opera Mini au nyingine.

Na hapo ndipo penye tatizo. Kivinjari si mvua wala jua, kwamba kikija kilivyo basi ndivyo kilivyo. Kimetengenezwa na watu, na watu hao hukibadilisha kila baada ya wiki chache. Ni wao wanaoamua kipi kifunguke kwanza, kati ya maandishi na picha, na simu ya umri gani iendelee kuhudumiwa. Wanaamua kwa kutazama takwimu na kwa kusikiliza maoni ya watumiaji. Swali ni moja tu: ni maoni ya nani yanayowafikia?

Anayesema husikika

Historia ya vivinjari inaonyesha wazi kwamba sauti ya watumiaji ina nguvu. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ya Marekani, iliyokuwa ikishindwa na Microsoft, iliuweka wazi msimbo wa kivinjari chake ili yeyote auone na kuurekebisha. Huo ndio mwanzo wa mradi wa Mozilla. Mwaka huohuo kilianza kutumika Bugzilla, mfano wa daftari la wazi ambamo mtu yeyote duniani angeweza kuandika hitilafu aliyoiona, na yeyote mwenye ujuzi kuitengeneza.

Wakati huo Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa imeliteka soko. Toleo lake la sita lilitoka mwaka 2001, na la saba likasubiriwa hadi 2006. Katika miaka hiyo watu walilalamikia virusi na madirisha ya matangazo yanayofumuka yenyewe. Kisha tarehe 9 Novemba 2004 likatoka toleo la kwanza la Firefox, lililonolewa na malalamiko na marekebisho ya maelfu ya watu waliojitolea. Mwezi uliofuata, watumiaji wapatao 10,000 walichanga pesa zao kulipia tangazo la kurasa mbili katika gazeti la The New York Times, majina yao yakichapishwa humo. Katika muda usiofika mwaka mmoja, Firefox ilikuwa imepakuliwa mara milioni 100.

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Firefox ilikuwa na kipengele cha kukusanya kurasa zilizo wazi katika makundi. Mwaka 2016 kiliondolewa, kwa maelezo kwamba waliokitumia walikuwa wachache mno. Watumiaji hawakukaa kimya. Mozilla ilipofungua jukwaa la kupokea mapendekezo, ombi la kukirudisha ndilo lililoungwa mkono na watu wengi kuliko mengine yote. Aprili 2025 kipengele hicho kilirudi.

Hata Google, ambayo Chrome yake ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi duniani, imewahi kurudi nyuma. Mwaka 2018 toleo la 69 la Chrome lilianza kumwingiza mtu kwenye akaunti ya kivinjari bila kumuuliza, kila alipofungua barua pepe yake ya Gmail. Wataalamu wa usalama na watumiaji wa kawaida walipiga kelele. Katika toleo lililofuata, Oktoba mwaka huohuo, kukawekwa mahali pa kuzuia jambo hilo.

Mifano hiyo mitatu inafanana kwa jambo moja. Waliosikika walikuwa na intaneti ya uhakika, walijua Kiingereza, na walijua mlango wa kupelekea malalamiko uko wapi. Mtu wa Luena hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kilichoondoka mwaka 2022

Gharama ya kutokuwa na sauti si jambo la kudhania. Ilionekana waziwazi miaka michache iliyopita.

Chrome ya simu za Android ilikuwa na kipengele cha kupunguza matumizi ya data. Kilianza mwaka 2014, na mwaka 2019 kikapewa jina la Lite. Kilifanya kazi kama mchuuzi anayemenya mahindi sokoni ili mnunuzi abebe punje na kuacha maganda: ukurasa ulipitia kwanza katika kompyuta za Google, ukapunguzwa uzito, kisha ndipo ukafika kwenye simu. Google yenyewe ilisema uokoaji ungeweza kufika asilimia 60 ya data. Kwa anayenunua intaneti bila kikomo kwa mwezi, hilo halina maana kubwa. Kwa anayenunua mega za siku moja, ni tofauti kati ya kusoma habari na kutoisoma.

Mwishoni mwa Machi 2022, Chrome ilipofika toleo la 100, kipengele hicho kilizimwa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba gharama ya data ya simu imeshuka katika nchi nyingi, na kwamba Chrome imepata njia nyingine za kupunguza matumizi.

Maelezo hayo hayakuwa ya uongo. Gharama imeshuka katika nchi nyingi. Lakini "nchi nyingi" si nchi zote, na ndani ya nchi moja Kinshasa si Luena. Tena kilichokuwa kikiokolewa hakikuwa kidogo. Siku hizi ukurasa wa kawaida wa tovuti, ukifunguliwa kwa simu, huzidi megabaiti 2. Aliye na mega 50 hawezi kufungua kurasa 25 za namna hiyo bila kumaliza alichonunua. Na hapo hajatazama video hata moja, wala simu yake haijajisasisha yenyewe bila kumwuliza.

Ni haki kukiri kwamba kipengele hicho kilikuwa na kasoro yake. Kupitisha kurasa za watu katika kompyuta za kampuni moja kunaipa kampuni hiyo nafasi ya kujua mengi kuhusu wanachosoma. Yupo ambaye angechagua faragha yake kuliko mega zake. Lakini huo ni uamuzi wa kuamuliwa na mwenye simu, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Haukustahili kufikiwa bila watu wa Luena kuwa na njia yoyote ya kusema walichokiona wao.

Jambo kama hilo limetokea tena kwa upande wa simu zenyewe. Mwaka 2025, kuanzia toleo la 139, Chrome iliacha kuhudumia simu zenye Android 8 na 9, na sasa inataka Android 10 au zaidi. Sababu za kiusalama na za gharama zipo, na hakuna kampuni inayoweza kuhudumia kila simu milele. Lakini katika miji ambako simu hununuliwa ikiwa imekwisha kutumika, kisha ikapita kwa ndugu watatu kabla ya kufa, uamuzi huo unamgusa mtu tofauti kabisa na yule anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili. Simu inaendelea kuwaka, ila kivinjari chake hakipati tena marekebisho ya usalama, na mwenye simu hajui.

Kwa nini Luena haisikiki

Watengenezaji wa vivinjari watajibu kwamba hawahitaji kusubiri barua kutoka Luena, kwa sababu programu zao hupima zenyewe zinavyotumika na kuwatumia takwimu. Ni kweli. Lakini kipimo hicho kina upofu wake.

Takwimu huonyesha kilichofanyika na kunyamaza juu ya kilichoshindikana. Mzazi aliyeishiwa mega kabla ukurasa haujafunguka anaonekana kwenye hesabu, kama anaonekana kabisa, kuwa ni mtu aliyefungua ukurasa na kuuacha. Hakuna tarakimu inayosema kwamba aliuacha huku roho ikimuuma. Mtu anayezima data kila baada ya dakika tano ili kubana matumizi huonekana kuwa mtumiaji asiyependa intaneti. Na kile kipengele cha makundi ya kurasa kilichoondolewa na Firefox mwaka 2016 ni ushahidi tosha: takwimu zilisema hakitakiwi, watu wakasema kinatakiwa, na watu ndio waliokuwa sahihi.

Sababu ya pili ni gharama. Kutuma maoni kunakula data. Kuambatisha picha ya kioo cha simu kunakula data zaidi. Maana yake ni kwamba anayeumizwa na bei ya mega anaombwa atumie mega kusema kwamba anaumia.

Sababu ya tatu ni lugha. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Chrome inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini maneno yenyewe, kama kivinjari, kichupo na vidakuzi, yametoka mezani kwa wafasiri waliozoea Kiswahili cha Tanzania na Kenya. Katanga ina Kiswahili chake, na mambo ya mashine hutajwa huko kwa maneno ya Kifaransa yaliyovalishwa viambishi vya Kiswahili. Mtu aliyezoea kusema "kutelesharje" akikutana na "pakua" kwenye kioo, atasita. Atakayeulizwa "je, ungependa kufuta vidakuzi?" atabonyeza popote ili kidirisha kiondoke. Kisha wataalamu watahesabu kubonyeza huko kuwa ni ridhaa.

Sababu ya nne ni ya ndani, na lazima isemwe. Watu wengi wameshazoea kwamba kulalamika hakuleti kitu. Barabara imeharibika, umeme haupo kwa Wakongo wapatao wanne kati ya watano, treni hufika inapofika. Aliyekulia katika hali hiyo hawezi kulaumiwa kwa kuona ni mzaha kuambiwa amwandikie mhandisi wa California.

Lakini Wakongo wameshawahi kusikika

Hata hivyo, kukata tamaa huko hakuna haki ya kuwa neno la mwisho. Mwaka 2020 mamlaka ya kudhibiti mawasiliano nchini, ARPTC, ilianzisha malipo ya kusajili simu yaliyojulikana kwa jina la RAM. Yalikatwa moja kwa moja kwenye salio la mwenye simu. Watu walianza kuona uniti zikipungua bila kupiga simu. Malalamiko yalianzia mitaani, yakaingia redioni, yakafika bungeni. Mwanzoni mwa 2022 serikali iliyaondoa malipo hayo.

Hakuna aliyewafundisha Wakongo namna ya kulalamikia RAM. Walijua kiasi kilichokatwa, siku kilipokatwa, na aliyekikata. Tofauti ya RAM na kivinjari ni kwamba kivinjari hakitumi ujumbe kusema kimekata kiasi gani. Hukata kimyakimya, kwa picha isiyohitajika na video inayojianzisha yenyewe, na lawama humwendea mwingine.

Mfano mwingine uko jirani. Kwa miaka mingi Firefox ya kompyuta imekuwa na toleo rasmi la Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda na ng'ambo ya mpaka wake na Sudan Kusini. Ina pia toleo la Kixhosa na la Kifula. Kwa miaka hiyohiyo Kiswahili, ambacho UNESCO inasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, kilibaki nje ya orodha hiyo. Idadi ya wasemaji haikuwasaidia Waswahili hata kidogo. Waacholi walipata kivinjari kwa lugha yao kwa sababu walikuwapo waliojitolea, wakakaa chini, wakafasiri sentensi moja baada ya nyingine, na kuendelea kufanya hivyo kila toleo jipya lilipotoka. Mtoto asiyelia hufia mgongoni, na hapa Kiswahili kilikuwa mtoto mkubwa aliyenyamaza.

Wala isisemwe kwamba kutengeneza kivinjari kwa ajili ya mtandao hafifu haiwezekani. Opera Mini, iliyotengenezwa na kampuni ya Norwe na kusambazwa duniani kote mwaka 2006, ilijengwa kuanzia mwanzo kwa ajili ya simu ndogo na mtandao wa polepole. Kampuni hiyo ilisema inaweza kupunguza data kwa hadi asilimia 90. Ilifanya kazi hata kwenye simu za vibonyezo. Watu wengi wa Afrika waliijua intaneti kwa mara ya kwanza kupitia programu hiyo. Ujuzi upo, basi. Kinachokosekana ni msukumo wa kuutumia.

Cha kufanya

Hatua ya kwanza ni ya makampuni. Kutuma maoni kuhusu kivinjari kusimgharimu mtu data yake. Kampuni za simu nchini Kongo, kama Vodacom, Airtel, Orange na Africell, zinajua kuuza vifurushi maalumu vya mitandao ya kijamii; haziwezi kushindwa kukubaliana na watengenezaji wa vivinjari ili ujumbe mfupi wa malalamiko upite bure. Maandishi ya mistari mitano hayafiki hata sehemu ndogo ya picha moja. Na mlango huo upokee sauti iliyorekodiwa, kwa sababu wapo wengi wanaoweza kueleza vizuri kwa mdomo kuliko kwa kuandika.

Hatua ya pili ni kuwafuata watu walipo. Kampuni inayotaka kujua kivinjari chake kinavyofanya kazi kwenye mtandao wa E haiwezi kujua hilo kwa kuiga mtandao dhaifu ndani ya maabara. Ikae siku tatu kwenye kibanda cha kuchajia simu katika mji wa reli, itazame. Itaona mambo ambayo hakuna takwimu iliyoyaonyesha: kwamba simu moja hutumiwa na watu wanne, kwamba data huwashwa kwa dakika mbili na kuzimwa, kwamba upakuaji unaokatika katikati huanza upya na kula mega mara mbili.

Hatua ya tatu ni kujibu. Aliyetuma lalamiko na kupata kimya hatatuma la pili. Jibu si lazima liwe "tumekubali". "Tumeipata, hatuwezi kuifanya kwa sababu hii" ni jibu la heshima. Daftari la wazi la Mozilla limedumu tangu 1998 kwa sababu hiyo: aliyeandika anaweza kuona lalamiko lake limefika wapi, hata kama halijatatuliwa.

Lakini kazi nyingine ni ya watu wenyewe. Lalamiko lenye manufaa si "intaneti ni mbaya". Lina mambo matano: aina ya simu, toleo la kivinjari, alichokuwa akifanya mtumiaji, alichotarajia kitokee, na kilichotokea. "Simu yangu ni ya Android 9. Nilikuwa kwenye mtandao wa E. Nilifungua ukurasa wa habari. Nilitarajia maandishi yatangulie. Picha zilitangulia, zikamaliza mega 10, na maandishi hayakuja." Mhandisi akisoma hayo ana pa kuanzia. Akisoma "haifanyi kazi", hana.

Kufundisha hayo hakuhitaji maabara. Mwalimu wa sekondari anaweza kuyafundisha kwa ubao na chaki. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kamina na cha Lubumbashi wanaweza kuyakusanya kutoka kwa wazazi na majirani zao, kuyafasiri, na kuyapeleka yakiwa na uzito wa watu mia moja badala ya mmoja. Redio, ambayo bado ndiyo inayosikilizwa zaidi vijijini, inaweza kutenga dakika kumi kwa juma kuuliza: kivinjari chako kilikusumbua wapi? Kiswahili cha Katanga nacho kingepata nafasi ya kusema ni maneno yapi yanaeleweka na yapi yanawakwaza watu.

Na asiyekubaliana

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Mji ambao hauna umeme wa uhakika wala barabara nzuri, una haja gani ya kubishana kuhusu kivinjari? Jibu ni kwamba mambo hayo hayashindani. Mzazi anayetafuta habari za Exetat, mchuuzi anayetafuta bei ya mahindi Lubumbashi, muuguzi anayetafuta kipimo sahihi cha dawa, wote wanapita mlango mmoja. Mlango huo ukiwa mzito, kila kinachopita hapo kinakuwa ghali. Na mambo makubwa ya barabara na umeme yanahitaji mabilioni; kufanya maandishi yatangulie picha kunahitaji uamuzi.

Wapo pia watakaosema kwamba kusikiliza kila mtu ni kuharibu kazi, na kwamba wanaopiga kelele mara nyingi si wengi. Hoja hiyo ina ukweli. Kivinjari kikifuata kila ombi kitakuwa gunia la vikorokoro. Lakini hoja hiyo inaunga mkono Luena badala ya kuipinga. Ikiwa wachache wenye kelele ndio wanaosikika leo, dawa yake ni kwenda kuwatafuta wengi walio kimya.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Luena wangeliomba wakipewa nafasi: kivinjari kimwambie mtu, kabla ukurasa haujafunguka, kwamba utakula mega ngapi, kisha kimuulize kama aanze na maandishi peke yake. Sokoni mnunuzi huambiwa bei kabla ya kufungiwa mzigo. Kwenye intaneti hufungiwa mzigo kwanza, akaijua bei baada ya pesa kwisha.

Makaa ya Luena yalianza kuchimbwa enzi za Wabelgiji na kupakiwa kwenye mabehewa kwenda kuwasha viwanda vya Katanga, na wachimbaji hawakuulizwa maoni yao kuhusu lolote. Leo simu za wajukuu zao zinahesabiwa katika takwimu za makampuni yaliyo mbali zaidi ya hapo. Kuhesabiwa wanahesabiwa. Kuulizwa, bado. Makampuni yanayosema vivinjari vyao ni vya dunia nzima yaanze kuuliza, na yaulize kwa Kiswahili ambacho mzazi yule wa Luena atakielewa bila kumwita mwanawe amfasirie.